Moto Tuliousingizia Umeme

Kwa anayenikuta leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa ufupi. Mimi ni yule mwalimu wa sheria ya mikataba ambaye chuo chake kilifunga masomo ya jioni, akarudi nyumbani na kasha la vitabu na kikombe chake cha chai. Ni yule aliyeomba kusoma shahada ya uzamili ya sheria ya ushindani na haki za mlaji, kwa njia ya mtandao, kwa kuwa ana mama mzazi asiyeweza kuachwa peke yake. Na ni yule ambaye usaili wake ulikatika katikati ya sentensi, skrini ikawa nyeusi, nanyi mkabaki mnajiuliza adui yangu ni nani.

Hakuwa adui. Alikuwa mama.

Nilimkuta sebuleni ameshika waya wa kisanduku cha intaneti. Alikuwa ameuchomoa ukutani na sasa anauviringisha taratibu, kama mtu anayekunja mtandio.

"Mama, nilikuwa nazungumza na watu!"

"Watu gani? Mbona sijaona mgeni?"

"Wako kwenye kompyuta."

"Basi hawajaungua. Mshukuru Mungu."

Akaufungia waya katika droo ya vijiko, kisha akaona uso wangu, akalegeza sauti.

"Na hao watu wako wanataka kukusomesha nini?"

"Sheria ya ushindani na haki za walaji."

"Ulaji? Wewe na wembamba huo?"

Nilicheka. Naye akacheka mpaka akashika ubavu. Tulikuwa hatujacheka pamoja tangu msiba, na ndiyo maana sikuweza kumkasirikia.

Mama hachomoi nyaya kwa ukaidi. Mdogo wangu, kitindamimba wake, alikufa kwa moto, na mama aliambiwa kwamba moto ule ulitokana na hitilafu ya umeme. Tangu hapo huzunguka nyumba akichomoa: pasi, redio, chaja ya simu, hata jokofu, mpaka maziwa yakachacha ndani yake. Jirani akija kumjulia hali, huondoka na wosia.

"Mwanangu, pika kwa gesi. Gesi haina neno. Umeme ndio muuaji."

Kila asemapo hivyo, mimi hutazama sakafu.

Kwa sababu haukuwa umeme.

Mdogo wangu alikuwa mpambaji wa keki. Alipofungua kazi yake katika chumba cha uani, nyumbani kwake, mama alimpelekea zawadi: regulata, kile kifaa kinachofungwa kwenye mdomo wa mtungi ili kupunguza nguvu ya gesi kabla haijaingia kwenye mpira. Ilikuwa mpya, inang'aa, ina muhuri wa ukaguzi.

Ilikuwa bandia. Afisa wa zimamoto alituonyesha katika korido ya hospitali, mimi na shemeji yangu, mume wa marehemu. Kifuniko kilikuwa kimepasuka. Ndani, mahali palipostahili kuwa na mpira wa kuzuia gesi, palikuwa na kipande cha plastiki kilichokatwa kwa mkasi.

"Nani alinunua hiki?" aliuliza afisa.

Shemeji ni kinyozi, mtu wa maneno mengi. Siku ile alinitazama kwanza.

"Sijui," akasema.

Mama alipofika, mguu mmoja ndala na mwingine kiatu, akauliza ni nini kilichomuunguza mwanawe. Shemeji alijibu kabla yangu.

"Umeme, mama. Hitilafu ya umeme."

Nami nikaitikia kwa kichwa.

Nyumbani kwetu habari mbaya haimfikii mkubwa kabla ya kuchujwa. Babu alipofariki, bibi aliambiwa kwanza amelazwa, kisha amezidiwa, kisha akaombwa aketi. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo tulivyodhani tunafanya. Tofauti ni kwamba bibi hatimaye aliambiwa. Sisi tulichuja, tukaendelea kuchuja, na mama hatukumpa.

Nani angelalamika dhidi ya duka lililomuuzia mama regulata ile? Mnunuzi. Na mnunuzi hakujua kwamba ana la kulalamikia. Duka likaendelea kufunguliwa kila asubuhi.

Hayo ndiyo yaliyonisukuma kuomba masomo haya. Sikutafuta cheo. Nilitaka siku moja niingie kwenye duka lile nikiwa na kitu mkononi zaidi ya machozi.

Baada ya usaili kukatika, niliandika barua pepe ya kuomba radhi. Mratibu wa masomo, mama mmoja mkavu lakini mwenye haki, alinijibu kwamba jopo lingenisikiliza tena asubuhi iliyofuata. Hapangekuwa na nafasi nyingine, kwa kuwa usaili wa muhula ulikuwa unafungwa siku hiyo.

Nilimfuata shemeji kibandani kwake. Alikuwa akimnyoa mzee aliyesinzia kwenye kiti.

"Shemeji, naomba unichukulie mama kesho asubuhi. Mpeleke kliniki ya macho."

"Macho yana nini?"

"Hayana kitu. Yana zamu ya kupimwa."

"Ahaa. Yaani wewe, mwanasheria mzima, unaniomba nimteke mzazi."

"Nakuomba unipe nyumba yenye umeme."

Alicheka, mkono ukamtikisika. Mteja akafumbua jicho moja.

"Lala, mzee, lala," akamwambia. "Ni mstari mdogo tu. Zitaota."

Kisha akazima mashine, akanisogeza mlangoni.

"Hao watu watakuuliza habari za moto?"

"Nimeshaandika katika maelezo yangu. Ndugu wa karibu, kifaa bandia. Basi."

"Na mnunuzi?"

"Nimeandika 'mnunuzi'. Sikusema nani."

Alikung'uta nywele kutoka kwenye kitambaa, akakikunja, akakikunjua tena.

"Sikiliza, shemeji. Mke nimemzika. Kumzika na mama sina nguvu hizo. Akijua, hatamaliza mwezi."

"Hatajua."

"Mradi hatajua, soma hata shahada kumi. Uje utufundishe na kunyoa kisheria."

Asubuhi ile mama aliondoka amevaa gauni lake la bluu, pochi mkononi, amekaa mbele katika kigari cheupe cha shemeji kama mke wa mheshimiwa. Alinipungia. Nilisubiri mpaka walipokata kona, nikarudisha kila waya mahali pake.

Niliweka kompyuta kwenye meza ya chakula, karibu na dirisha, ambako mtandao hausuasui. Nikavaa vile vya kusikilizia masikioni. Mama husema nikivivaa naongea kama mtu anayenadi mitumba, na ni kweli, huwa sijisikii. Siku ile hapakuwa na mtu wa kunituliza.

Walikuwa wawili kwenye skrini: Bi Mratibu na Profesa, mzee wa sauti ya chini aliyeweka miwani juu ya paji la uso.

"Leo umeme upo?" aliuliza Bi Mratibu.

"Upo, na nimeulinda."

Profesa akatabasamu. "Tuanze na jambo moja. Wengine huja kwetu wakidhani ushindani ni mambo ya makampuni, na haki za mlaji ni mambo ya akina mama sokoni. Wewe unaviunganishaje?"

Hilo nilikuwa nimelisubiri.

"Mtaani kwetu kuna kampuni moja ya gesi," nikasema. "Zamani zilikuwa kadhaa. Hii ilibadilisha mdomo wa mitungi yake ukawa haupokei regulata ya mwingine yeyote. Kisha ikawaambia wenye maduka: ukiuza mitungi ya wenzangu, yangu huipati. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Regulata halisi ikabaki kuuzwa na kampuni yenyewe, kwa bei ya kumkimbiza mtu. Hapo ndipo zilipoingia za bandia, zenye mdomo ule ule na muhuri wa kughushi."

"Kwa hiyo kosa ni la nani? Kampuni, au mwuza bandia?"

"Kila mmoja ana lake. Ila mkimchunguza mwuza bandia peke yake, mtakamata mmoja na kesho watakuja watatu. Mlaji alifungiwa milango yote ukaachwa mmoja. Huo mmoja ndio uliokuwa na moto."

Profesa aliandika kitu. Bi Mratibu, ambaye nilikuwa sijamwona akiinua uso kutoka kwenye karatasi zake, aliinua uso.

Nikiri kwenu: nilifurahi. Nilijisikia tena kama mtu aliyesimama mbele ya darasa, sauti imejaa, hoja inafuata hoja. Kwa kitambo kile nilisahau kwamba mlango niliokuwa nauzungumzia ulikuwa na mtu ndani.

"Katika maelezo yako," akaendelea Profesa, "mwathirika ni mmoja na mnunuzi ni mwingine. Mnunuzi hakulalamika?"

"Hakulalamika."

"Kwa nini? Duka alilijua. Kifaa kilikuwepo. Afisa wa zimamoto alikuwepo."

"Hakujua."

"Hakujua nini?"

"Kwamba chanzo ni kifaa alichonunua."

"Nani alimficha?" aliuliza Bi Mratibu.

Ningeweza kusema "ndugu". Ningeweza kusema "ilitokea hivyo". Lakini nimewafundisha wanafunzi wangu miaka mingi kwamba shahidi anayejibu kwa neno "watu" kuna mtu anayemficha, na wale wawili mbele yangu walilijua hilo kuliko mimi. Nafasi yangu yote ilikuwa katika jibu lile.

"Sisi," nikasema. "Mimi na mume wa marehemu. Marehemu ni mdogo wangu. Regulata ile aliinunua mama yangu mzazi, akampelekea mwanawe kama zawadi. Tulimwambia ni umeme. Mpaka leo mama hajui kwamba zawadi yake ndiyo iliyomuua."

Nilisema yote kwa ile sauti yangu ya mnada.

Profesa alishusha miwani kutoka kwenye paji la uso, akaivaa. Hakuwa ananitazama mimi.

"Samahani," akasema polepole. "Kuna mtu nyuma yako?"

Nikageuka.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na pochi yake, kadi ya kliniki bado mkononi. Nyuma yake shemeji, funguo za gari zinaning'inia kidoleni.

"Daktari wa macho hakuja leo," shemeji akasema. Akalisema tena, kana kwamba ndilo lililokuwa na maana. "Hakuja leo."

Mama hakulia. Alivuta kiti, akaketi kando yangu, akatazama skrini.

"Toa hivyo vidude vyako vya masikio," akaniambia. "Na mimi niwasikie."

Nikavitoa. Sauti ya Profesa ikajaa chumbani.

"Mama, pole sana. Sisi hatukujua…"

"Habari zenu," mama akamkata. "Ninyi ni mahakama?"

"Hapana, mama. Ni chuo."

"Kwa hiyo hamuwezi kunifunga."

"Hakuna wa kukufunga, mama. Hakuna kosa ulilofanya."

"Niliangalia muhuri." Alisogea karibu na skrini, kama anayezungumza na mtu kiziwi. "Mwambieni huyu mwanangu. Nilivaa miwani, nikakigeuza kile kitu juu chini, nikauona muhuri. Muuzaji akaniambia mama, hiki kitamzika mwanao uzeeni. Ndivyo alivyosema."

Bi Mratibu alifunika mdomo kwa mkono.

"Uliangalia alichopaswa kuangalia mtu yeyote," Profesa akamwambia. "Sheria haimlaumu aliyeamini muhuri."

"Sheria haimlaumu," mama akarudia. "Hiyo sheria iliwahi kubeba mimba?"

Profesa aliinamisha kichwa. Nilimheshimu kwa hilo.

Ndipo mama akanigeukia.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu hospitali."

"Na wewe?"

Shemeji alikuwa amepiga magoti kwenye zulia, mtu mzima mwenye mvi. Hata kumtazama mama hakuweza.

"Tangu hospitali, mama. Ni mimi niliyesema umeme. Dada wa watu hana kosa, aliitikia tu. Niliogopa utakufa."

"Kwa hiyo mkaniacha nizunguke nyumba nikichomoa nyaya."

"Mama…"

"Mnaniangalia."

"Mama, tulidhani…"

"Nawaambia watu gesi haina neno. Mnaniangalia tu. Mtoto wa jirani ameolewa, nimemwambia acha jiko la umeme, nunua gesi. Umenisikia kwa masikio yako," akaninyooshea kidole. "Ulikuwa umekaa pale, unakata vitunguu. Ukanyamaza."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nakata vitunguu, nikashukuru kwamba vinatoa machozi.

"Mlinionea huruma," mama akasema. Sauti yake sasa ilikuwa ndogo. "Huruma gani hii? Mimi mwanangu nimemlilia vibaya. Nimemlilia kama mtu aliyepigwa na radi. Kumbe nilipaswa kumwomba msamaha. Kila nilipokwenda kaburini nimemwambia habari za nyumbani, nimempa salamu za watu, nikarudi zangu. Hata siku moja sikumwambia nisamehe. Mmeninyima hilo."

Shemeji aliinama mpaka paji la uso likagusa zulia. Mimi nilitaka kumshika mama mkono. Aliuondoa, bila ukali, kama unavyoondoa kitu kilicho njiani.

Macho yake yakabaki mezani, na nikaona midomo yake inahesabu jambo.

"Viwili," akasema.

"Nini, mama?"

"Nilinunua viwili."

Shemeji aliinua kichwa kutoka kwenye zulia.

"Muuzaji aliniambia nikichukua viwili atanipunguzia. Nikachukua viwili. Kimoja nikampelekea marehemu."

"Na cha pili?" nikauliza. "Mama, cha pili kiko wapi? Ni hicho cha jikoni?"

"Changu ni cha kampuni yenyewe, alikinunua baba yenu." Akainua macho, akamtazama shemeji pale chini. "Cha pili nilimpa mama yako."

Mama yake shemeji ni mjane anayeishi peke yake ng'ambo ya mji. Ni mwanamke mwenye fahari, wa kupokea mgeni kwa kitambaa cheupe mezani hata kama ndani hakuna kitu.

Shemeji aliinuka kama aliyechomwa.

"Haiwezekani! Mama alinunua mwenyewe! Aliniambia kwa mdomo wake, mwanangu nami nimejinunulia gesi!"

"Alinisihi nisiseme. Alisema, mkwe mwenzangu, mwanangu asijue kwamba napewa vitu na wakwe, ataona aibu. Nikamwapia." Mama akatikisa kichwa. "Mnadhani ni ninyi tu mnaojua kuficha?"

Shemeji alikuwa ameshatoa simu. Akapiga. Tulisikia inavyoita upande wa pili, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Huwa anaiacha chumbani," akasema. "Huwa anaiacha chumbani, akiwa jikoni hasikii."

Aliposikia neno jikoni likitoka kinywani mwake mwenyewe, akatazama nje. Dirishani jua lilikuwa limepanda. Ilikuwa saa ya watu kubandika chakula cha mchana.

"Jirani yake?" nikauliza. "Huna namba ya jirani yeyote?"

"Ninyoe watu mia, nikose namba ya jirani wa mama yangu!" akalia, na tayari alikuwa mlangoni. Tukasikia mlango wa gari, injini, kisha matairi yakikwaruza changarawe.

"Samahani." Ilikuwa sauti ya Bi Mratibu. Nilikuwa nimewasahau, walikuwa bado wamo mezani, nyuso mbili zilizopauka. "Naona kuna dharura. Lazima nikwambie ukweli ilivyo. Sehemu ya pili ya usaili haijafanyika. Ukitoka sasa, mfumo utakuhesabu umejitoa, na muhula huu sina nafasi nyingine ya kukupa."

"Bi Mratibu," Profesa akasema kwa kumkanya.

"Sipendi kulisema, Profesa. Nalisema ili aamue akijua. Wengine wameamuliwa mengi bila kujua."

Nilimwelewa. Hata mama nadhani alimwelewa, maana alinigusa bega.

"Kaa umalize," akasema. "Majirani nitawatafuta mimi."

"Sikai, mama."

"Hiki ndicho ulichokililia mwaka mzima."

"Najua."

Nilitazama skrini. Nilikuwa na jibu tayari kwa kila swali la sehemu ya pili. Nilikuwa nimelisoma soko la gesi la mtaa wetu mpaka ningeweza kulichora nikiwa nimefumba macho, duka kwa duka, na katika mchoro wangu wote huo hapakuwa na jiko la mama yake shemeji. Niliuliza kila swali ila lile la kawaida kabisa, ambalo karani yeyote wa malalamiko huanza nalo: ulinunua vingapi? Sikuweza kuliuliza, kwa kuwa wa kuulizwa alikuwa mama, na mama alikuwa hajui kwamba kuna jambo la kuulizwa.

"Ahsanteni kwa kunisikiliza," nikawaambia. "Nimejitoa."

Profesa alifumbua mdomo kusema kitu. Nikafunga kompyuta.

Nilipiga mimi. Simu iliita, ikakatika. Nikapiga tena. Nikampigia mwenye duka la dawa lililo karibu na mtaa ule; akapokea, akasema alishahamia kwingine.

"Nimpigie mimi," mama akasema.

"Mama, hapokei."

"Namba yako haijui. Ya kwangu ataipokea. Nipe pochi yangu."

Akatoa simu yake ya vitufe, akaiweka sikioni. Nikamwona anasubiri, shingo imenyooka, macho kwenye dirisha. Iliita muda mrefu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumpokonya nijaribu tena, alipouinua wake kunizuia.

Ikapokelewa.

Niwaeleze kwamba wakwe hawa wawili wakipigiana simu huamkiana kwanza kwa kitambo kizuri: umeamkaje, magoti yanaendeleaje, wajukuu wa kwa fulani wamepona, na wewe macho je. Shemeji hutania kwamba mtu anaweza kunyolewa ndevu na kichwa kabla hawajafika kwenye jambo lenyewe.

Siku ile mama hakuamkia.

"Uko wapi?" akasema. "Nakuuliza uko wapi? Uko jikoni?"

Akasikiliza.

"Nani? Wewe ni nani?"

Akasikiliza tena. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza na sikusikia chochote ila mkwaruzo mwembamba wa sauti ya mtu, inaongea haraka, haipumziki. Nilijaribu kuusoma uso wa mama. Nimeusoma uso ule tangu utotoni; najua ukiwa na homa, najua ukiwa na siri. Siku ile haukunipa kitu.

"Ndiyo," mama akasema. "Ndiyo. Nimesikia."

Aliketi chini, pale pale sakafuni, gauni la bluu limemzunguka, simu bado sikioni ingawa ile sauti ndani yake ilikuwa imenyamaza.

"Mama? Wamesemaje? Mama!"

Akashusha simu mapajani.

"Mpigie shemeji yako," akasema. "Mwambie asiendeshe mbio."

Nilimtazama nipate kujua kama hiyo ni habari ya uzima au ya msiba. Alikuwa amejifunika uso kwa mtandio.